Lori la Manong Kleto

Santa Fe, Nueva Vizcaya
Tarehe 15 Januari 1961

Mpendwa Manong Kleto,

Ni mimi mdogo wako Ponciano. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, na dawa mpya wanazokupa huko Culion zinakubaliana na mwili wako. Sisi huku tupo. Nanang bado anakohoa asubuhi, ila mama yetu akianza kumgombeza mtu kikohozi kinakimbia chenyewe. Mwanao Consing yuko darasa la nne, na mwalimu anasema mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, jambo ambalo si sifa kubwa. Mpunga haukutosha, panya walitutangulia. Yule nguruwe jike amezaa. Jirani yetu Ikong hajaoa na bado anasema ni kwa hiari yake.

Sasa, Manong, jambo lenyewe ni lori lako.

Tangu maafisa wa afya walipokuchukua limekaa nyuma ya nyumba, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mvua imekula sakafu ya kibini lakini chesisi ni nzima, unajua mwenyewe Waamerika hawakulitengeneza kwa mchezo. Ulipolitoa kule korongoni chini ya mlima watu walikucheka, kisha likabeba magogo miaka miwili. Nataka libebe tena.

Injini yake imekufa. Nilifungua kichwa nikakuta silinda mbili zimejaa kutu na pistoni zimeng'ang'ania kama zimechomelewa. Lakini kampuni ya mbao ya kule bondeni imefunga, na imeacha lori la jeshi kama lako, la magurudumu yale yale sita ya vita. Kibini kimeungua, injini haikuguswa na moto. Nimeipata, pamoja na giaboksi yake. Msimamizi wa barabara mpya ya kiwandani ameniambia mvua zikikatika kama nina lori nina kazi. Tunaihitaji, maana midomo hapa nyumbani haipungui.

Shida ni kwamba mimi nilikuwa nakushikia taa tu, wewe ndiye ulikuwa unafanya. Nianzie wapi? Nifunge injini na giaboksi pamoja nikiwa chini, au nitangulize injini? Niandikie kama unavyomwandikia mpumbavu.

Mdogo wako,
Ponciano

*

Culion
Tarehe 2 Machi 1961

Ading Ponsing,

Barua yako imefika. Hii yangu itakufikia ikinuka dawa, barua zetu wanazifukiza kabla ya kuzitoa kisiwani. Mwambie Nanang asiogope kuishika. Mimi sijambo. Dawa inafanya kazi, mabaka ya mgongoni yamefifia. Mwandiko wangu ukiuona umepinda ni kwa sababu ya kalamu mbaya. Hapa tuna shule, kanisa na bendi ya tarumbeta, na nimepewa kazi ndogo kwenye gereji ya koloni hii ya wakoma, kwa hiyo usinihurumie sana.

Umewataja panya. Umemtaja nguruwe, hata Ikong umemtaja. Mke wangu Felisa hukumtaja. Nadhani ulikuwa na haraka.

Umesema nikuandikie kama mpumbavu, kwa hiyo sina haja ya kubadilisha chochote. Tanguliza injini. Giaboksi ni nzito na ni ndefu, ukizifunga pamoja utahitaji watu wengi na utavunja mguu wa mtu. Toa rejeta, toa na chuma cha mbele kinachoishikilia. Simamisha magogo matatu kama jiko, tundika mnyororo wa kuinulia. Injini iingie kutoka mbele, nyuma ikiwa imeinama. Raba za kukalia injini weka mpya, na kama hakuna mpya kata za matairi.

Kabla ya kuishusha, kagua sehemu tatu ambazo baadaye hutazifikia. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, isiwe na nyufa. Pleti ya klachi isiwe na mafuta. Na katikati kabisa, mwisho wa krankshafti, kuna tundu lenye bushi ndogo ya shaba. Humo ndimo ncha ya shafti ya giaboksi inapokaa. Itie kidole. Ikiwa imelika, badilisha.

Halafu weka pleti ya klachi katikati sawasawa. Chukua shafti ya giaboksi yangu ile kuukuu uitumbukize iwe kipimo, ndipo ukaze presha pleti. Ukikosea hapo giaboksi itakataa kuingia. Itasimama imebakiza upana wa kidole, na wewe nakujua, utataka kuivuta kwa bolti. Usiivute. Ikikataa, ishushe uanze upya.

Nisalimie kila mtu. Mwambie Felisa nimeuliza.

Kaka yako,
Anacleto

*

Santa Fe
Tarehe 20 Mei 1961

Manong Kleto,

Salamu nyingi. Nanang amepona kikohozi, sasa analalamika magoti. Consing ameng'oa jino na amekataa kulitupa, anasema atakutumia. Nimemkataza, kwa hiyo ukilikuta ndani ya bahasha ujue nimeshindwa. Felisa hajambo, anakusalimu.

Injini imeingia! Ngoja nikusimulie. Tulisimamisha magogo matatu kama ulivyosema, Ikong akaleta mnyororo wa shemeji yake. Nanang aliweka kiti chake karibu kabisa.

"Nanang, sogea," nikamwambia.

"Hiki kiti kilikuwa hapa kabla ya hicho chuma chenu."

"Mnyororo ukikatika kitakuangukia."

"Kikiniangukia mtakuwa mmenipunguzia magoti."

Ikong akavuta mnyororo, injini ikaning'inia, ikaanza kujizungusha polepole kama inatutafuta nani ni nani. Nikaishika pembeni niielekeze. Ikong akasema, "Ponsing, ukibanwa hapo katikati nikusalimie nani?" Nikamwambia asalimie mama yake. Iliteremka kidogo kidogo hadi ikakalia raba, nikatia bolti za kwanza, na Nanang akapiga makofi, kisha akasema mbona hailii.

Hailii kwa sababu giaboksi imekataa.

Nilitumia shafti kuukuu kuweka pleti katikati. Bushi niliitia kidole, niliona iko sawa tu. Tukaiinua giaboksi juu ya jeki na magunia, ikaenda vizuri, kisha ikasimama. Imebakiza upana wa kidole kama ulivyotabiri. Tumeisukuma, tumeitikisa, Ikong ameitukana kwa lugha tatu. Haisogei. Nifanye nini?

Wako,
Ponciano

*

Culion
Tarehe 9 Julai 1961

Ading Ponsing,

Salamu kwa Nanang. Jino lilifika. Naliweka kwenye kopo la dawa tupu, mwambie Consing halijapotea.

Utaona mwandiko si wangu. Anayeniandikia ni Gaudencio, mtoto wa yule fundi cherehani wa hapo Santa Fe, nyumba ya nne kutoka kanisani. Aliletwa hapa Juni, maskini, bado analia wakati wa kula. Unamfahamu, na yeye anakufahamu vizuri. Tumezungumza sana habari za nyumbani.

Giaboksi. Uliivuta kwa bolti, sivyo? Hukuandika, lakini najua. Kagua masikio yake yote manne kama hayajapasuka. Kilichokuzuia ni bushi. Injini hiyo imekaa bila kazi, bushi imevimba kutu au iliwahi kuwekewa isiyo yake. Itoe. Jaza tundu grisi, chonga kijiti kigumu kinachoingia bila nafasi, kigonge kwa nyundo, grisi itaisukuma bushi itoke yenyewe. Ya injini yangu kuukuu ilikuwa nzuri, nilibadilisha mimi mwenyewe kabla hawajanichukua. Ihamishe.

Kisha paka mafuta kidogo kwenye meno ya shafti, weka gia ya juu, na wakati mnasukuma mmoja azungushe nyuma polepole mpaka meno yakutane. Itaingia kwa mkono. Kitu kinachotakiwa kuingia huingia kwa mkono.

Vipimo vyangu viwili vya mwisho vimetoka safi. Daktari anasema vikiendelea hivi, mwakani wataniruhusu kurudi nyumbani.

Felisa ameniandikia nini? Nauliza kwa sababu bahasha zako zina nafasi.

Anacleto

*

Santa Fe
Tarehe 30 Oktoba 1961

Manong,

Nanang anakusalimu. Consing anakusalimu. Samahani kwa kuchelewa, mvua zilikata barabara na posta haikupanda mlimani kwa muda mrefu.

Sikio moja la giaboksi lilipasuka, ulisema kweli. Nilichomelea. Bushi ilitoka kwa grisi, nikaweka yako, na giaboksi ikaingia kwa mkono kama ulivyosema. Nimefunga shafti fupi ya kwenda giaboksi ndogo ya nyuma, magurudumu ya mbele yanavuta. Lilipowaka Ikong alikimbia akidhani linalipuka. Sasa ninabeba magogo. Gia ya pili inapiga kelele kidogo ukishuka mlima.

Nimefurahi kuhusu vipimo. Ila, Manong, nakuomba ufikirie. Watu wa hapa hawajabadilika. Yule mgonjwa mwingine aliyerudi kwao Aritao na karatasi yake ya kupona, hakuna aliyekaa naye kanisani, duka lilimtolea chumvi dirishani. Huko una kazi, una marafiki na daktari yuko karibu. Si kwamba hatukutaki. Nasema tu usiharakishe.

Gaudencio mpe pole.

Ponciano

*

Culion
Tarehe 3 Desemba 1961

Ponsing,

Salamu kwa wote waliomo ndani ya nyumba yangu.

Ninajua. Gaudencio aliniambia wiki ile ile aliyofika, bila kujua kama ni siri. Alidhani nimeshaandikiwa. Alisema, "Yule mtoto wa kiume wa Felisa na Manong Ponsing amefanana na bibi yake." Nilimjibu ndiyo, nimesikia. Kisha nikamwambia achukue karatasi tukakuandikia habari za bushi.

Sikuwa nakutega. Usiku na mchana nilikuwa nafikiria ile giaboksi, kwa sababu nikiiacha nilikuwa nafikiria hilo lingine. Ulipokaa kimya miezi mitatu nilijua umeelewa nani ananiandikia.

Usinieleze ilikuwaje. Nilipochukuliwa, Felisa alikuwa na miaka ishirini na minne, na hakuna aliyemwambia kwamba mtu hurudi kutoka huku. Mimi mwenyewe sikumwambia. Nilimwandikia mara moja tu kwa mkono wangu, kwamba asinisubiri, halafu moyoni nikamsubiri asubiri. Hilo ni langu. Lako ni kwamba ulinitajia nguruwe.

Na mimi kuna neno nimekuficha. Kalamu haikuwa mbaya. Mkono wa kulia umekatwa vidole, umebaki kidole gumba na kimoja kisicho na hisia. Gerejini hapa nakaa kwenye kiti nawaambia wengine wafanye. Lori sitaliendesha tena, kwa hiyo usihofu kwamba nakuja kulidai. Ni lako.

Nimeruhusiwa. Meli inatoka hapa katikati ya Februari, inafika Manila, bandari ya kaskazini. Nataka mambo mawili: kumwona Consing na kuisikia hiyo injini. Mkija nipokeeni. Msipokuja nitaelewa.

Anacleto

*

Santa Fe
Tarehe 26 Februari 1962

Manong Kleto,

Uko wapi? Naituma hii Culion kwa kuwa sina anwani nyingine.

Barua ya Desemba sikuijibu. Niliandika nikachana, nikaandika nikachoma. Nikaona afadhali nije niseme mdomoni. Tulishuka Manila na lori, mimi, Consing na Felisa na mtoto. Nanang alitaka kuja, magoti yakakataa. Felisa alipakata mtoto na kapu tangu Santa Fe mpaka tambarare. Alikuwa amekuokea tupig, zile unazopenda zenye nazi nyingi, amezifunga kwenye majani ya mgomba, kapu zima. Tulipofika bandarini hakushuka. Alisema, "Nikishuka nitamtazama nikiwa na nani mkononi?" Nikamwacha ndani ya kibini. Injini niliiacha inaunguruma ili uisikie ukiwa bado kwenye ngazi.

Watu walishuka. Wa Coron, wa Culion, wafanyabiashara wa samaki wakavu. Nilimtazama kila mtu usoni. Consing alikuwa ameshika kapu, anauliza, "Yule? Yule?" Wakaisha. Nikamuuliza mzee mmoja mwenye kofia aliyekuwa akipita na begi lake, "Lakay, kuna wengine ndani?" Akasema wote wameshashuka. Consing akampa tupig moja kwa sababu yule mzee alikuwa amefunga mikono kwa vitambaa, alimwonea huruma. Tulisubiri mpaka mlinzi akatufukuza.

Karani wa meli anasema jina lako liko kwenye orodha na ulipanda. Nimeuliza hospitali, nimeuliza polisi. Nanang hali chakula. Kama umekasirika, njoo ukasirike hapa. Nitahama mimi. Nimeshazungumza na Felisa, nitahamia kambi ya barabarani na lori, nyumba ni yako.

Niandikie hata mstari mmoja.

Ponciano

*

Culion
Tarehe 25 Machi 1962

Ading,

Mwambie Nanang ale. Niko hai, nimerudi nilikotoka.

Yule lakay alikuwa mimi.

Usijipige kifua. Nyusi zangu zimeondoka zote, pua imeshuka, nimeinama. Uliponiona mwisho nilikuwa nabeba gunia begani nikikimbia. Hapa kila mmoja amebadilika pamoja na mwenzake, nami nilikuwa nimesahau kwamba nje kuna watu wanaonikumbuka vingine. Nilishuka ngazi nikakuona mara moja. Umenenepa. Nilikuwa nakuja moja kwa moja kwako, nimeshafungua mdomo nikuite, ndipo ukasema "Lakay," kwa adabu, ukasogea pembeni kunipisha.

Ningeweza kusema jina langu. Nilikuwa na nafasi ya kulisema. Lakini Consing alikuwa ananitazama, na uso wake haukuwa na woga hata kidogo, ulikuwa na huruma tu, ya mtoto kwa mzee asiyemjua. Nikafikiria uso huo utakavyokuwa nikisema mimi ni baba yako. Nikashindwa. Nilipigana na vipimo miaka saba na hapo nikashindwa na mtoto wa darasa la tano. Ndipo nikakwambia wote wameshashuka.

Felisa nilimwona kupitia kioo. Alikuwa anamnyonyesha mtoto na analia, bila kujificha. Mwambie nimemwona, na sikuondoka kwa ajili yake. Tupig niliila chini ya ukuta wa ghala. Alizidisha nazi kama kawaida yake.

Usihame. Ukihamia kambini nani atabaki na Nanang? Kaeni. Padre wa hapa anasema kuna mambo ya sheria kuhusu ndoa, atawaandikia. Nitaweka alama ya kidole popote watakapotaka.

Injini niliisikia. Nilisimama nyuma ya ghala mpaka mlipoondoka. Inapiga vizuri, ila vali zina nafasi kubwa, unazisikia zikigonga kama mtu anapasua karanga. Zirekebishe injini ikiwa ya moto. Na hiyo gia ya pili si kelele ya kawaida. Beringi ya nyuma ya giaboksi imeanza kufa, na sikio ulilochomelea halitaishikilia siku ikikatika. Usishuke tena mlima na magogo kabla hujaifungua. Hilo nakuamuru kama kaka yako, si ushauri.

Consing usimwambie sasa. Akikua akauliza, mwambie yote, na umwambie alinipa tupig kwa mikono miwili.

Nilipanda meli ile ile iliporudi. Pale ofisini karani mpya alishangaa, maana watu hulilia kutoka hapa na hakuna aliyewahi kumwona mtu akirudi kwa miguu yake. Akaniuliza kwa nini nimerudi. Nikamwambia nilifika Manila, nikangoja, sikukuta mtu wa kunipokea. Akanihurumia, akanirudishia kitanda changu.

Kaka yako,
Anacleto